Fonti nono kwenye bango: jinsi ya kuzitumia mpaka mtu wa ng'ambo ya barabara asome

Kila wiki napata swali lile lile, tena mara nyingi limekuja na picha. "Kaka nimeweka ile fonti nene iliyochangamka lakini mtu akiwa barabarani hasomi kitu, shida nini?" Mwingine anataka jina la ile fonti ya mviringo ya kwenye vibanda vya aiskrimu. Mwingine kwenye laptopu yake ilikuwa safi kabisa alafu kufika kwa mtu wa printi yakatoka maandishi mengine hata hayafanani. Nimejibu mmoja mmoja muda mrefu, sasa naweka yote sehemu moja, ukiuliza tena nakutumia hii.

Mimi nadizaini mabango, stika na tisheti hapa Arusha. Wateja wangu wengi ni wa chipsi, juisi, saluni, shule za watoto wadogo, mabonanza ya mtaani, na ikifika Desemba wanaongezeka wa Moshi maana watu wanarudi nyumbani na kila kona kuna sherehe. Hao wote wanapenda fonti nono, na wana haki ya kuipenda, mi mwenyewe naipenda kuliko aina nyingine yoyote.

Ninaposema fonti nono namaanisha zile herufi zilizoshiba, kona zimeviringwa, hazina ncha za kuchoma, zingine zinaruka juu chini kama watoto wametoka mapumziko. Mtu akiiona anajisikia amekaribishwa kabla hajasoma hata neno. Na sio kitu cha jana. Ile Cooper Black ambayo umeshaiona mara elfu hata kama hujui jina lake ilitoka mwaka 1922, aliichora Oswald Cooper kule Chicago, na mpaka leo ukiiweka kwenye menyu ya mgahawa bado ina joto lile lile.

Sasa shika hili moja kabla ya hatua zote. Herufi nono inasomeka kwa tundu lake. Angalia a, e, o, p, b, zote zina kitundu cheupe ndani, na jicho la mtu aliye mbali linatambua herufi kwa kile kitundu na kwa zile nafasi za pembeni, unene wenyewe ukiwa mbali unageuka kuwa donge. Na kwetu hii inauma zaidi kwa sababu Kiswahili karibu kila silabi inaishia na vokali, maneno yetu yamejaa a na e na o, kwa hiyo matundu yakiziba hutabaki na kitu. Makosa karibu yote nitakayokutajia chini ni njia tofauti tofauti za kuziba tundu.

Nililijua hili Sakina, kwa dada mmoja anayekaanga chipsi pembeni ya barabara ya Namanga. Nilimtengenezea bango jekundu, maandishi ya njano, fonti nono kweli kweli, nikaipiga autilaini (ule mstari wa kuzunguka herufi) nyeusi nzito ili itokeze, kwenye skrini ilikuwa inawaka. Tukalifunga asubuhi, nikavuka barabara nikageuka kuliangalia. Neno MAYAI lilikuwa na A mbili na zote zimekuwa pembetatu za njano na nyeusi bila tundu, na ile Y katikati ilionekana kama imeegemea ukuta. Dada akaniuliza "unasoma?" nikamwambia hapana. Tulilishusha siku hiyo hiyo nikalirudia kwa hela yangu.

Inafaa wapi na wapi usiiweke

Chakula cha mtaani, juisi, aiskrimu, keki, vitu vya watoto, bethdei, bonanza, tisheti za timu, pakiti za karanga na tomato, saluni ya kike, sherehe ya kipaimara kwenye keki au bango la kumpongeza mtoto, hapo weka bila wasiwasi. Kampuni za utalii wengi wanaikimbia lakini kwa tisheti za kuuzia wageni inafanya kazi vizuri sana.

Usiiweke kwenye ratiba ya ibada ya mazishi. Nimeiona, na nilisikia vibaya kwa ajili ya ile familia. Usiiweke kwenye duka la dawa, kwa wakili, kwenye onyo la hatari kama transfoma, wala kwenye maelezo marefu ya aina yoyote. Mistari miwili ya fonti nono ni furaha, mistari sita ni kelele.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Kompyuta yenye CorelDRAW, Illustrator au Inkscape (hii ya mwisho ni ya bure na inatosha kabisa). Kama una simu tu, PixelLab inakuruhusu kuongeza fonti zako mwenyewe kutoka kwenye folda ya simu, na Canva ndani yake tayari kuna fonti nono nyingi ila kupakia ya kwako kwenye akaunti ya bure haikubali.

Vipimo halisi vya bango. Nenda na tepu, usikisie kwa macho. Pima pia umbali kutoka hapo bango litakapokaa mpaka pale msomaji atakapokuwa, hatua moja ndefu ya mtu mzima chukulia kama mita moja hivi.

Maneno yenyewe, yameandikwa kwenye karatasi, yamesahihishwa tahajia na mwenye biashara ameyakubali.

Hela kidogo ya kuchapisha karatasi mbili tatu za A4 kwenye stationari. Usiruke hii, utaona kwenye hatua ya 8.

Hatua zenyewe

1. Punguza maneno mpaka yaume. Mwenye biashara atakuletea "Karibuni sana tunauza chipsi mayai chipsi kuku mishikaki nyama choma ndizi za kuchoma na vinywaji baridi bei poa". Msikilize kwa heshima alafu muulize mtu anayepita kwenye daladala akibakiwa na maneno mawili tu kichwani yawe yapi. Hayo mawili ndio yanapata fonti nono, yaliyobaki yote yanaenda kwenye fonti ya kawaida, madogo, au yanakaa kwenye menyu ndani. Maneno matatu ni mwisho. Hii hatua inachukua muda kuliko zote na ndio inayookoa bango.

2. Chagua fonti kwa kuijaribu na maneno ya kwetu. Usiipende kwa jina lake lililoandikwa vizuri kwenye picha ya matangazo, aliyeitengeneza alichagua maneno yanayoipendezesha. Ingia Google Fonts, ile tovuti ya fonti za bure, kwenye sehemu ya kuandikia jaribio weka hivi:

Ng'ombe Mayai Kuku wa kienyeji MISHIKAKI 5,000/= 03689

Huo mstari una kila kitu kinachotusumbua. Una a na e za kupima matundu. Una ng' yenye kile kialama, ambacho kwenye fonti nono nyingi kinakuwa kama kiluwiluwi kimenona na kinasukuma o mbali mpaka unasoma maneno mawili. Una i nyingi za kuona kama nukta zake zinagusana na mwili. Una /= ya bei, na hapa wengi wanaumia, fonti za mapambo zilizotengenezwa haraka zinakosa ile alama ya = kabisa, unapata kiboksi au programu inaazima kutoka fonti nyingine inatoka nyembamba katikati ya manene. Na una tarakimu zinazofanana, 3, 6, 8, 9, ambazo zikinona sana zote zinakuwa 8.

Ninazotumia mwenyewe nikutajie na tabia zake. Fredoka ni ya mviringo safi, matundu makubwa, haikosei, kwa shule ya watoto au juisi anza nayo. Baloo 2 inafanana nayo kwa upole, nayo ina unene wa ngazi tofauti kwa hiyo kichwa na maelezo unaweza kutumia familia hiyo hiyo. Lilita One imebana kidogo kwa upana, hii ndio dawa ya majina marefu, na sisi majina yetu ni marefu. Titan One ina nguvu, kwa tisheti za timu naipenda. Luckiest Guy ni ya kupiga kelele za furaha kama katuni, ila haina herufi ndogo, ukiandika herufi ndogo inakuletea umbo la kubwa, kwa hiyo Ng'ombe inakuwa NG'OMBE utake usitake. Bangers imelala upande na ina haraka, ya bonanza, usiiweke kwenye keki. Chango ni nono sana na pana, inakula nafasi, neno la herufi nne tano basi. Modak ya hawa Ek Type wa India nayo imenona mpaka matundu yamebaki kama mikwaruzo, ni nzuri mno kwenye stika kubwa ya karibu lakini kwa bango la barabarani usijaribu.

Angalizo: usichanganye fonti nono mbili kwenye bango moja. Zinagombana, kila moja inataka kuitwa kwanza.

3. Cheki leseni alafu uipakie. Nyingi za Google Fonts ziko chini ya leseni ya OFL, maana yake unaruhusiwa kutumia kwenye kazi ya biashara bila kulipa, unachokatazwa ni kuiuza ile fonti yenyewe peke yake. Kwenye tovuti nyingine za fonti za bure soma kale kamaandishi kadogo, nyingi ni za matumizi binafsi tu, na bango la duka sio matumizi binafsi. Kuna mtu alikaa akachora kila herufi hiyo, kama ametaka alipwe basi mlipe au tafuta nyingine, ziko za halali za kutosha.

Faili linakuja limezipwa. Lifungue kwanza, ndani utakuta la TTF au OTF, kwenye Windows bonyeza kulia alafu Install. Kama programu ilikuwa wazi ifunge uifungue upya ndio fonti itaonekana.

4. Andika jina na ulipe ukubwa wake. Hesabu ninayotumia ni hii ya watu wa mabango: kila mita 3 za umbali zipe herufi sentimita 2.5 za urefu. Msomaji yuko mita 30, herufi iwe sentimita 25. Yuko mita 12, sentimita 10. Sasa chukua bango la mita 2 kwa 1, la kusomwa kutoka mita 30. CHIPSI MAYAI kwa mstari mmoja haiingii kwa ukubwa huo, lakini ukiweka CHIPSI juu na MAYAI chini kila mstari sentimita 25, jumla 50, unabaki na nafasi ya kupumua pembeni na sehemu ya namba ya simu chini. Unaona kwa nini nilisema maneno mawili.

Makosa mawili makubwa yako hapa. La kwanza, kuvuta. Jina halijaenea kwahiyo unashika ile doti ya katikati pembeni unavuta mpaka linajaa. Herufi nono ikivutwa milalo yake inabaki na unene uleule na misimamo inanenepa, o inakuwa yai limelala, na mtu yeyote anaona kuna kitu hakiko sawa hata kama hajui ni nini. Shika doti za kwenye kona tu. Haienei, badilisha fonti, chukua Lilita One kama limezidi au Chango kama limepungua.

La pili, kubonyeza B, kile kitufe cha kunenepesha. Fonti tayari ni nono na mara nyingi haina unene mwingine, ukibonyeza B programu inajitengenezea unene wa uongo kwa kuongeza nyama pande zote, hadi ndani. Matundu kwisha. Toa hiyo B.

5. Rekebisha nafasi kati ya herufi kwa mkono. Hapa ndio kazi ya mtu na ya kompyuta zinatofautiana. Kompyuta inapima kwa hesabu, jicho linapima kwa weupe. Kwenye Kiswahili cha herufi kubwa tuna ugonjwa wetu wenyewe, YA, WA, KWA, KA, AY, VA, hizi zinakaa kila mahali na zote zina mistari ya mshazari inayokimbiana kwa hiyo inabaki shimo kubwa katikati. Andika KUKU WA KIENYEJI uangalie hapo kwenye WA, unaweza kupaki bodaboda.

Kwenye CorelDRAW chagua maandishi, bonyeza F10, kila herufi itatoa kidoti chake kidogo chini, kishike usogeze kushoto kulia. Kwenye Inkscape weka kasa (kile kijiti kinachowaka na kuzima) kati ya herufi mbili, shika Alt alafu mishale. Kwenye simu ni shida kidogo, unaweza kuandika kila herufi peke yake kama ni neno fupi, inachosha lakini inalipa.

Kipimo changu: nafasi kati ya herufi mbili isizidi tundu la herufi yenyewe na isiwe nyembamba kiasi cha kugusana. Zikiachana sana neno linakuwa herufi zinazotembea kila moja njia yake, zikigusana linakuwa donge. Kama bango ni la mbali sana legeza kidogo zote kwa pamoja. Ile ng' ya Ng'ombe isogeze mwenyewe, kialama kipandishe juu ya bega la g na o uirudishe karibu. Na hakikisha mkia wa kialama unaangalia chini kushoto kama koma iliyopanda juu, programu nyingine zinakugeuzia kichwa chini zikidhani unafungua nukuu.

Ukimaliza geuza dizaini yote juu chini uitazame. Macho yakiwa hayasomi yanaona mashimo haraka.

6. Autilaini na kivuli. Watu wanauliza sana hii. Autilaini ya kawaida inakaa katikati ya ukingo wa herufi, nusu nje nusu ndani. Ukiweka ya milimita 10, milimita 5 zimeingia kwenye nyama ya herufi kila upande, na kwenye tundu zimeingia kutoka pande zote. Ndio kilichoua lile bango langu la Sakina.

Suluhisho linafanya kazi kwenye programu yoyote hata ya simu: kopi maandishi yako, bandika nakala juu yake pale pale. Ya nyuma ipe autilaini nene unavyotaka, ya mbele iache bila autilaini yoyote. Kwenye CorelDRAW kuna njia fupi, F12 alafu weka tiki kwenye Behind fill. Hata hivyo angalia matundu tena maana rangi ya autilaini ya nyuma bado inachungulia ndani ya tundu, ikilijaza lote punguza.

Kivuli kiwe kigumu, rangi moja, kimeenda upande mmoja, kulia chini kumezoeleka. Kivuli cha moshi moshi kwenye fleksi (ile turubai ya kuchapia mabango) kinatoka kama uchafu. Na uchague, autilaini au kivuli. Vyote viwili kwenye herufi nono ni kama kuvaa makoti mawili.

7. Rangi. Rangi mbili kuu na nyeupe au nyeusi. Giza kwa mwanga, basi. Njano juu ya nyeupe hapana, nyekundu juu ya bluu inatetemeka machoni. Nyekundu ya kuchapisha huwa inawahi kufifia juani, kama bango linaangalia jua la mchana kutwa usiitegemee nyekundu peke yake kulibeba jina. Kama duka liko njia ya vumbi, na kiangazi kule Kisongo unajua lilivyo, usiweke uwanja mweupe mtupu, weka rangi ya maziwa au rangi yenyewe kabisa.

Kitu kimoja kwa wenye mabango ya taa ndani: herufi nyeupe inayowaka usiku inavimba machoni, matundu yanazidi kufunga. Shuka ngazi moja ya unene, ukipanga Baloo 2 ya mwisho kabisa chukua inayofuata chini yake.

8. Jaribio la karatasi, hatua yangu ninayoipenda. Punguza bango lako mara kumi. La mita 2 linakuwa sentimita 20, linaingia kwenye A4 iliyolala. Chapisha, bandika ukutani, rudi nyuma mita 3. Unachokiona hapo ndicho mtu wa mita 30 atakachokiona, hesabu ni ile ile. Usilisome wewe maana unalijua tayari. Mwite mtu ambaye hajaliona, mama muuza ndizi, kijana wa boda, mwambie asome kwa sauti. Akisita kwenye neno lolote, rudi hatua ya 5 au 6. Finya macho nusu uangalie tena, kama neno limekuwa ukanda mmoja bila mianya, matundu yamekufa.

Nimeshabadilisha fonti mara tatu kwa bango moja kwa ajili ya hili jaribio na gharama ilikuwa karatasi tatu.

9. Tafutia mwenzake mpole. Bei, namba ya simu, eneo, vyote viwe kwenye fonti nyembamba ya kawaida isiyo na mbwembwe. Namba ya simu usiiweke kwenye fonti nono hata mteja akiomba, 6 na 8 zikichanganywa anapigiwa mtu mwingine. Igawe kwa mafungu, nne tatu tatu, ndivyo watu wanavyoisoma kwa mdomo. Tofauti ya ukubwa iwe wazi, jina liwe angalau mara tatu ya maelezo.

10. Kabidhi faili vizuri. Kwanza hifadhi nakala yako ambayo maandishi bado yanaharirika. Alafu kwenye nakala ya kupeleka geuza maandishi yote kuwa michoro, CorelDRAW ni Ctrl+Q, Illustrator Ctrl+Shift+O, Inkscape Ctrl+Shift+C. Baada ya hapo hata kama kwa mtu wa printi fonti hiyo haipo, herufi zitabaki vile vile. Toa PDF.

Kama umefanyia kwenye simu na ni picha, bango la mita 2 kwa 1 linataka kama pikseli 7,900 kwa 3,950 kwa kiwango cha pikseli 100 kwa kila inchi, simu nyingi zinakataa, basi angalau nusu ya hapo na ujue kingo zitalainika kidogo. Flaya ya A5 inataka 1,748 kwa 2,480, hiyo ni kwa kiwango cha 300. Na ukituma WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha inabanwa na kingo laini za herufi zako zinaota manyoya.

Ikikugomea

*Fonti nimeiweka lakini haionekani kwenye programu.* Hujalifungua faili la zipu, au hujaanzisha programu upya. Kwenye simu angalia kama umeiweka kwenye folda uliyoichagua ndani ya programu.

*Badala ya ' au = kinatoka kiboksi.* Fonti haina hiyo herufi. Kwa kialama cha ng' unaweza kuazima koma ya fonti hiyo hiyo ukaipandisha juu, inafanana kabisa na hakuna atakayejua. Kwa = chora vijiti viwili vyenye kona za mviringo, unene sawa na mlalo wa herufi E.

*Nimegeuza kuwa michoro alafu matundu yote yakajaa rangi.* Umebonyeza Ctrl+K kwenye Corel, tundu limetengana na herufi yake likawa kipande kinachojitegemea. Chagua herufi na tundu lake pamoja, Ctrl+L.

*Herufi zinapopandana panatokea weupe.* Hapo umezikombaini wakati ulitakiwa kuziunganisha. Rudi nyuma, chagua zote, tumia Weld. Kwa stika za plota hii ni lazima, bila hivyo kisu kinakata kila herufi kivyake na katikati ya neno unapata vipande vipande vya kubandua.

*Rangi zimetoka zimepooza.* Umedizaini kwa RGB, rangi za mwanga wa skrini, mashine inachapisha CMYK, rangi za wino. Chungwa na kijani za kuwaka ndizo zinaanguka zaidi. Badilisha hali ya rangi mapema uzoee zinavyoonekana, na omba kipande kidogo cha jaribio kwenye fleksi yenyewe kabla hawajaachia bango zima.

*Kwenye tisheti matundu yanaziba ingawa kwenye karatasi yalikuwa sawa.* Wino wa skrini printi unatambaa kwenye kitambaa. Fungua matundu kidogo kwa mkono kabla ya kupeleka, tundu dogo kabisa nisingeliacha chini ya milimita 2.

*Stika ya kwenye daladala inabanduka.* Herufi nono zina faida hapa, kona ya mviringo haishiki kucha wala vumbi kama ncha. Ikibanduka mara nyingi shida ni kioo hakikusafishwa. Sabuni, maji, kitambaa kisicho na mafuta, kiache kikauke kabisa, stika ibandike asubuhi kabla gari halijapata joto, na ile i ya CHIPSI kama umetumia herufi ndogo hakikisha nukta yake umeikandamiza peke yake kwa kidole gumba, ndio huwa ya kwanza kuondoka.